Kulifuata Jina la Bronia Hadi Subukia

Tangu turudi, siwezi kuchota maji kwenye bomba bila mtu kunishika mkono. Mama Atieno anataka habari za Nakuru. Nyokabi anataka habari za Subukia. Wengine wanataka tu kujua kama ni kweli nilipelekwa polisi. Nimewasimulia vipande vipande mpaka kila mtu hapa kwenye laini, nyumba hizi za wafanyakazi wa kiwanda, ana hadithi yake, na nyingine hata mimi sizijui. Kwa hiyo nimeiandika yote mara moja, msomeane wenyewe. Habari za ruhusa na tikiti nimeziacha, maana hata mimi zilinichosha.

Sababu ya kuondoka Elburgon

Binti yangu mnamjua. Mmemwita Bronia tangu mume wangu, Shitandi, aandikwe kazi hapa Elburgon kwenye kiwanda cha mbao. Lakini jina lililo kwenye cheti chake cha ubatizo ni refu zaidi: Bronislawa.

Alizaliwa Rongai, vita vilipokuwa vinaelekea kwisha. Karibu na shamba tulilokuwa tukifanyia kazi, serikali ilikuwa imewaweka Wapolishi kambini. Hao walikuwa Wazungu wa namna ambayo sikuwahi kuiona: wanawake na watoto wengi, nguo za viraka, waliofukuzwa makwao na vita wakazunguka nusu ya dunia hadi kufika kwetu. Mimi nilikuwa nikipeleka mayai na mboga jikoni kwao. Mpishi mmoja, mama mnene mwenye mashavu mekundu, akawa rafiki yangu, ingawa maneno tuliyoelewana yalikuwa machache sana. Siku uchungu uliponishika nilikuwa nimesimama kwenye ua wao, mvua imeshika. Mama yule alinibeba mpaka ghala la viazi, akafukuza watu, akanizalisha kwa mikono yake. Jina lake lilikuwa Bronislawa. Nikampa mwanangu jina hilo hapo hapo, kabla Shitandi hajafika. Mama yule alilia amemshika mtoto.

Miaka ikapita, Wapolishi wakaondoka, na sisi tukahamia huku. Jina halikumsumbua mtu mpaka mwaka huu wa hamsini na moja, tulipotaka kumwingiza Bronia shule. Jafeti, karani wa mbao, alikuja nyumbani kutusaidia, akakitazama kile cheti kwa muda mrefu.

"Mama Bronia," akasema, "hili jina mlilichagua wenyewe?"

"Nililichagua mimi."

"Sijui sana mambo ya Wapolishi. Lakini kwa Kiingereza mtumwa ni 'slevu'. Na hapa mwishoni naona 'slawa'. Lugha za Wazungu zinafanana. Mimi naona ni kitu kimoja."

Jafeti hakuwa na nia mbaya, na nawaomba msimnunie. Shida ni kwamba shemeji yangu Ingutia, kaka mkubwa wa Shitandi, alikuwa amekuja kututembelea kutoka kwetu Isukha, na alikuwa ameketi pale pale akinywa chai. Aliweka kikombe chini.

"Mzungu alimwita mtoto wetu mtumwa," aliniambia, "na wewe ukamshukuru?"

Alituambia kwamba akija tena atakuja na wazee wawili, na jina hilo litaondolewa mbele ya watu wote. Shitandi alijaribu kusema, akanyamazishwa.

Mnajua habari zinavyotembea kwenye laini. Jioni hiyo hiyo watoto walikuwa wakimwambia Bronia, "Mtumwa, tuletee maji!" Hakulia, wala hakupigana. Aliacha tu kuitika. Ukimwita Bronia, anakutazama kama umemwita mtu wa nyumba nyingine.

Nami niliteseka kwa jambo ambalo sikumwambia mtu. Niliikumbuka siku ile ghalani na kujiuliza kama rafiki yangu alikuwa analia au anacheka. Mwishowe nilimwambia Shitandi kwamba nataka kwenda kumtafuta Mpolishi yeyote aliyebaki, anieleze. Nilitegemea atakataa.

"Nenda ukaulize," alisema. "Mchukue na mtoto. Kama ni baya, alisikie kwa mwenyewe, si kwa wachota maji."

Kwa gari la moshi hadi Nakuru

Tuliondoka Elburgon asubuhi ya ukungu, mimi na Bronia na kikapu cha viazi vya kuchemsha. Treni ilishuka vizuri kati ya misitu na mashamba ya pareto mpaka Njoro, ikasimama. Gari la mizigo lilikuwa limeharibika huko mbele. Tulishuka tukakaa kando ya reli na abiria wengine, na jua likatoka, na viazi vikaisha. Wanawake wa Njoro walituletea mahindi ya kuchoma, wakauza yote, wakaenda wakaleta mengine. Wao kuharibika kwa gari kuliwafaa.

Hapo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimvuta Bronia karibu akamgawia hindi lake.

"Msichana mzuri hivi," akasema. "Unaitwa nani, mama?"

"Sina jina," Bronia akajibu. "Lile langu linaondolewa."

Mama yule aliniangalia. Mimi niliangalia reli. Nawaambia kweli, mpaka hapo nilikuwa na wasiwasi kidogo juu ya safari hii, kama nilikuwa napoteza wakati wa watu. Baada ya jibu lile wasiwasi uliisha. Kama ingebidi kutembea kwa miguu mpaka huko Upolishi kwenyewe, ningeuliza njia.

Kwa Bi Mwanaisha, Bondeni

Tulifika Nakuru tumechelewa, treni ya kwenda Rongai imekwisha ondoka. Bahati yetu, mnamkumbuka Mzee Athumani anayetuletea leso hapa Elburgon siku za soko. Nyumba yake iko hapo Nakuru, mtaa wa Bondeni, na mke wake, Bi Mwanaisha, alitupokea kama aliyekuwa ametuandalia. Alitupa mahamri na mbaazi za nazi. Bronia hakuwa amewahi kuonja nazi. Aliuliza ni maziwa ya ng'ombe gani, na Bi Mwanaisha akacheka mpaka akashika ukuta.

Nilipomweleza safari yetu, nilitazamia acheke tena. Wote niliokuwa nimewaeleza walicheka kidogo kabla ya kunihurumia. Yeye hakucheka. Aliondoa sahani, akaketi mkekani karibu na Bronia.

"Bibi yangu mimi, mzaa mama, alikuwa mjakazi," akasema. "Alinunuliwa kweli, kule pwani, akiwa mdogo kama wewe. Unajua walimwita nani? Faida. Jina tamu, ee? Lakini faida ilikuwa ya wale waliomnunua, si yake."

Bronia akamtazama. "Alikubali kuitwa hivyo?"

"Angefanyaje? Alipoachwa huru alijiita jina jingine, la kwake, na akakataa kabisa kuitikia lile la kwanza. Hata mumewe akimtania nalo, chakula hakipikwi siku hiyo." Akanigeukia mimi. "Kwa hiyo, mwanangu, usione haya. Mtu akikuambia mtoto wako ameitwa mtumwa, hilo si la kucheka. Nenda kaulize mpaka ujibiwe."

Nilikuwa nimechoka, lakini maneno yale yalinipa nguvu na hofu pamoja. Nguvu, kwa kuwa mtu mzima ameniona nina akili. Hofu, kwa sababu kama jina tamu laweza kuwa la mtumwa, hili letu ambalo halina utamu wowote masikioni litakuwaje?

Rongai, na jinsi nilivyojikuta polisi

Sasa nifike pale mnapopapenda.

Kambi ya Wapolishi haipo tena. Tulitembea kutoka stesheni ya Rongai hadi pale ilipokuwa, tukakuta majani marefu na misingi ya nyumba, na mbuzi wamelala kivulini. Nilimwonyesha Bronia mahali ghala la viazi liliposimama. Alizunguka pale akitazama chini.

Tukarudi stesheni. Kulikuwa na mzee mmoja mpakia mizigo, amevaa koti kubwa.

"Mzee," nikamwambia, "namtafuta Mpolishi."

"Umeibiwa?" akauliza kwa huruma.

"Hapana, mzee. Nataka Mpolishi tu. Nina neno la kumuuliza."

"Pole sana, mama. Nifuate." Akaacha mizigo yake, akatuchukua kikapu, akatangulia. Nikafikiri, tazama watu wa Rongai walivyo wema! Tulipofika mbele ya nyumba yenye bendera, na askari mlangoni, ndipo nikaelewa.

Ndani alikuwepo sajini mmoja, Mkamba, jina lake Mutua. Mzee akamwambia, "Huyu mama anataka polisi," kisha akajiendea zake.

"Sema, mama. Nini kimepotea?"

"Jina," nikasema.

"Jina la mwizi?"

"La mtoto wangu huyu. Mpolishi ndiye alimpa."

Sajini akaacha kuandika. "Polisi alimpa mtoto wako jina?"

Bronia, ambaye kutwa nzima hakuwa amefungua mdomo, akaona anisaidie. "Si jina tu," akasema. "Mpolishi ndiye alimzalisha mama."

Askari wa mlangoni aliingiza kichwa ndani ili asikie vizuri. Sajini alivua kofia yake, akaiweka mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama namkumbuka askari huyo kwa sura. Hapo nikashikwa na kicheko. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikishindwa kumweleza, na kila nilivyocheka ndivyo alivyozidi kunihurumia. Hatimaye nikapumua, nikamwambia: Wapolishi, wale Wazungu wa kambini, wa wakati wa vita.

"Aah!" Alipiga meza. "Wapolandi! Sema Wapolandi, mama, utaniulia askari wangu."

Tulicheka, mimi na sajini, hata yule wa mlangoni. Sajini akaagiza chai. Alikuwa amekaa Rongai tangu siku zile na aliwakumbuka wengi. Wote walisafirishwa kwenda Mombasa, akasema, wakapanda meli.

"Lakini kuna mmoja alibaki," akaendelea. "Anapika kwa bwana mmoja wa kahawa, huko Subukia. Jina lake silijui. Watu wanamwita Mama Kabichi, kwa sababu anajaza kabichi kwenye mapipa, anaziacha zichache, halafu anazila! Mtu mzima mwenye akili!"

Bronia aligeuka kunitazama. Hakujua kwa nini nimesimama ghafla. Jikoni kule kambini, mapipa yale yalikuwa chini ya dirisha. Yalikuwa yakinukia mpaka barabarani, na aliyeyashughulikia alikuwa mmoja tu.

Lori la Solai

Sajini Mutua alitutafutia nafasi kwenye lori lililokuwa likipeleka magunia matupu upande wa Solai na Subukia. Dereva wake alikuwa Singasinga, Mhindi mwenye kilemba, ndevu nzuri na sauti kubwa, na tulikaa mbele pamoja naye. Aliimba njia nzima. Baada ya Solai mvua ilikuwa imeshaharibu barabara, lori likazama tope mpaka nusu ya magurudumu, naye akaendelea kuimba mpaka alipoona haliendi tena mbele wala nyuma.

Tulikwama hapo mpaka jua likageuka. Karibu na barabara kulikuwa na nyumba ya mama mmoja wa Kikalenjini, Chepkemoi, naye alitoka na kibuyu cha maziwa lala. Alipomimina, maziwa yalitoka ya kijivu. Bronia akaninong'oneza kwamba mama huyo ameangusha majivu ndani, tumwambie? Chepkemoi alisikia.

"Sijaangusha, nimeweka," akasema. "Ni dawa ya kuyafanya matamu. Kunywa kwanza, halafu unitukane."

Bronia akanywa. Akanyoosha kikombe tena.

Tulipokuwa tumeketi, Singasinga aliuliza tunakokwenda, nami nikaeleza. Jambo hilo lilimpendeza sana. Alisema kwao kila mwanaume ana jina la Singh, na maana yake ni simba. "Mimi simba," akajipiga kifua chenye matope, "baba simba, mtoto wangu mdogo hivi, simba." Chepkemoi naye akasema yeye alizaliwa usiku, ndiyo maana ya jina lake, na dada yake alizaliwa mchana, kwa hiyo anaitwa Chebet. Walisema kwa wepesi tu, kama mtu anayekuonyesha vidole vyake.

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya kikombe kilichokwisha. Kila mtu barabarani alikuwa anajua maana ya jina lake.

Vijana wa shamba la jirani wakaja na ng'ombe wa kuvuta. Lori lilipotoka topeni Singasinga alinguruma kwa furaha, na Bronia akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Elburgon.

Subukia

Subukia ni bonde la kijani, na nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa juu ya kilima chenye kahawa. Memsaabu wa nyumba hakutaka wageni. Alituambia tukangoje nyuma, kwenye bustani ya mboga. Tukaenda. Huko kulikuwa na mwanamke ameinama kati ya kabichi, kitambaa kichwani, nywele zilizotokeza zimekuwa nyeupe. Alikuwa amekonda. Nilipomwona hivyo nilidhani siye.

"Jambo, mama," nikasema.

Akainuka. "Jambo. Memsaabu iko ndani."

Hakunijua. Maneno yote niliyokuwa nimepanga tangu Njoro yalinipotea. Nikamsogeza Bronia mbele yangu, nikasema kitu kimoja tu: "Rongai. Ghala la viazi."

Kisu kilimwanguka. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akamtazama mtoto tena. Akaja mbio akikanyaga kabichi zake mwenyewe, akatukumbatia sote wawili kwa mpigo, akisema Kipolishi kingi kisicho na mwisho. Mimi nilikuwa nalia. Bronia alikuwa amebanwa katikati, na alipopata nafasi ya kupumua, kabla sijamkataza, akauliza:

"Mimi ni mtumwa?"

Mama yule akarudi nyuma hatua moja. "Nini?"

"Jina langu. Wanasema maana yake ni mtumwa."

"Nani nasema?"

Ilibidi nieleze. Nilieleza vibaya, kwa haya, huku nikiangalia miguu yake. Nilipomaliza alikuwa mweupe usoni, mashavu yale mekundu yamepotea kabisa. Nikajua nimemuumiza, na papo hapo nikajua pia kwamba hakuwahi kunicheka.

"Kuja," akasema.

Alituingiza jikoni. Kwenye meza kulikuwa na unga. Akaandika jina kwa kidole, na ilipofika herufi ya l akaikata kwa kistari. "Hii hapana 'la'," akasema. "Kwetu hii nasema 'wa'. Bro-nyi-swa-va. Padri ya Rongai hapana jua, yeye naacha kistari. 'Slevu' hapana iko hapa. Wewe naona? Hapana iko!"

"Sasa maana yake nini, Pani?" nikauliza. Ndivyo tulivyokuwa tukimwita kambini, kwao ni kama kusema bibi, kwa heshima.

Kiswahili chake kilikuwa hakijatosha kwa jambo hilo. Alifikiri. Kisha akamshika Bronia mabegani, akamsimamisha nyuma yake, akajitanua mlangoni mikono huku na huku.

"Kuja!" akaniamuru. "Chukua mtoto!"

Nikasogea kwa adabu. Akanisukuma. Nikajaribu tena kwa nguvu kidogo, akanisukuma mpaka nusura niangukie ndoo. Bronia nyuma yake alikuwa amemshika sketi kwa mikono miwili.

"Hiyo," akasema akihema, "ni broni. Sasa wewe sema Kiswahili."

"Kulinda," nikasema. "Kukinga. Kutetea."

"Kutetea! Ndiyo. Na sława…" Akatafuta tena. "Wewe iko hapa. Watu mbali, watu hapana ona wewe, wao nasema jina yako na wao nasema mzuri. Mtu ya heshima. Hiyo ni sława."

"Sifa," nikasema. "Sifa njema."

Tukaliunganisha mezani, mimi na yeye, kama wanawake wanaoshona nguo moja kutoka pande mbili: mwenye kutetea sifa. Akasema ni jina la zamani mno, la kabla mapadri hawajafika nchini kwao, watu wa kale waliunganisha maneno mawili wakamwombea mtoto awe hivyo. Mama yake alikuwa nalo, na bibi yake. Na kwao siku kubwa ya mtu si siku aliyozaliwa, ni siku ya jina lake.

Kisha akaketi, akamvuta Bronia karibu. Sasa alisema polepole.

"Mtumwa mimi najua. Askari nakuja nyumbani, nachukua sisi, mimi na binti yangu, natia kwa treni. Mbali, baridi. Sisi nakata miti kwa theluji. Chakula kidogo. Wao hapana ita mimi jina, wao naita 'wewe'. Binti yangu nakufa huko. Yeye pia Bronia." Akampangusa mtoto unga shavuni. "Kila asubuhi mimi nasema jina yangu kwa sauti, Bronisława, ili mimi hapana sahau. Wao nafanya mimi mtumwa. Jina, hapana. Jina hapana weza."

Basi nikajua alikuwa akililia nini kule ghalani.

Nje kahawa ilikuwa inapigwa na upepo. Halafu memsaabu akaita kutoka ndani ya nyumba, kwa sauti ya mtu anayetaka chai yake: "Bronia!"

"Naam!" mwanangu akaitika, kwa sauti kubwa, kabla Pani hajainuka.

Memsaabu alikuja mlangoni kuona ni nani. Sisi watatu tulikuwa tunacheka na kulia, unga umetutapakaa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumweleza. Lazima niseme haki yake: alituangalia kwa muda, akageuka, akajitengenezea chai mwenyewe.

Tulikaa kwa Pani mpaka barabara ikakauka. Alitupikia viazi vilivyopondwa na kufungwa ndani ya unga kama sambusa, lakini vya kuchemsha, na juu yake vitunguu vya kukaanga. Viazi hivyo ningevila kila siku. Kabichi ya kuchacha nilikula kwa ajili ya urafiki. Bronia aliila kwa kuipenda, mtanisamehe, sijui nimzae vipi upya.

Kurudi nyumbani, na shemeji

Safari ya kurudi haina mengi. Lori halikukwama, treni haikuharibika, na kila aliyemuuliza Bronia jina alipewa lote, na maana yake, na habari ya kistari, atake asitake. Pale Bondeni Bi Mwanaisha alimrudishia maneno yale mara tatu ili naye ayashike, kisha akampiga shavuni kidogo, akasema, "Haya, litetee."

Siku shemeji alipokuja na wazee wake wawili kutoka Isukha, wengi wenu mlikuwepo uani, lakini waliokuwa nyuma walisema hawakusikia. Ilikuwa hivi. Shemeji alisimama, akaanza kusema kwamba ukoo wetu haujawahi kuwa na mtumwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kujibu. Nilikuwa nimemwomba hata Jafeti awepo asikie. Lakini Bronia alitoka kwenye kundi la watoto akaja kusimama mbele ya baba yake mkubwa, mikono ameitanua huku na huku, vile vile kama Pani kwenye mlango wa Subukia.

"Baba mkubwa," akasema, "si mtumwa. Ni mwenye kutetea sifa njema. Nimeambiwa na mwenyewe."

Shemeji akaniangalia. "Ni kweli?"

"Ni kweli, shemeji. Nilikwenda mpaka kwake." Nikamweleza yote, ya askari, ya theluji, ya mtoto aliyekufa. Jafeti alisikiliza amevua kofia. Nilipofika pale Pani alipokuwa akisema jina lake peke yake kila asubuhi, mmoja wa wazee akatikisa kichwa polepole, akasema, "Huyo ni mtu."

Shemeji Ingutia ni mtu mgumu, mnamjua. Alikaa chini. Akasugua mikono yake magotini. Tulingoja, na mimi nilimwona Shitandi amekunja ngumi bila kujua.

"Sasa mimi nikirudi nyumbani," shemeji akasema mwishowe, "watu wataniuliza. Siwezi kuwaambia jina ambalo siwezi kulitaja. Mtoto, njoo unifundishe."

Mlicheka wenyewe, sina haja ya kueleza. Akasema "Buro". Bronia akasema hapana, "Bro". Akasema "Buroni-silawa". Bronia akaanza tena. Wazee nao wakajaribu, na Jafeti, na chai ikapoa. Mtoto wa miaka ile hakuchoka wala hakuona haya. Nami niliketi mlangoni pangu nikiwatazama watu wazima wakijikunja midomo kwa ajili ya jina nililolitoa mimi peke yangu katika ghala la viazi, na sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia kile.

Asubuhi yake tuliwasindikiza stesheni. Gari lilipoanza kuondoka kuelekea Molo, shemeji alitoa kichwa dirishani, akapunga mkono, akapaza sauti juu ya moshi na kelele: "Kwaheri, Buronisilava!"

"Swa!" Bronia akapiga kelele, akaanza kukimbia kando ya behewa. "Swava, baba mkubwa! Bro-nyi-swa-va!"

Akakimbia naye mpaka mwisho wa stesheni, akilitaja kwa nguvu zake zote, na wapakia mizigo, na wauza chai, na watu waliokuwa wakingoja gari la Nakuru, wote waligeuka wakajua anaitwa nani.